Shangazi na Vidonge Themanini na Vinne

Shangazi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana ni yake. Wateja wapya wakimkuta mlangoni na aproni yake ya ngozi huuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Naye huwajibu, "Unaongea naye." Nimelisikia jibu hilo miaka tisa sasa, tangu aliponichukua niwe nikimchorea mageti na madirisha, na bado huwa naacha penseli ili nione sura za watu wakilipokea.

Ni dada wa baba yangu, alimfuata mgongoni. Mafundi wanamwita Mama Cheche. Mimi namwita shangazi, na tangu baba alipofariki amekuwa baba wa kike kwelikweli: ndiye aliyekuja shuleni kuchukua matokeo yangu, ndiye aliyekaa kiti cha mbele nilipoolewa, na ndiye bado ananigombeza nikichelewa kazini. Ana miaka hamsini na sita. Ni mfupi, mabega mapana, na mikono yake kuanzia kiwiko hadi vidoleni ina madoa ya cheche za miaka thelathini. Pombe hajawahi kuionja. Kitanda cha hospitali alikilalia mara moja tu, siku alipomzaa binti yake. Kwa hiyo habari ya ini lake ilituacha mdomo wazi.

Mambo yalianzia kwa Ndevu, fundi wake wa tangu zamani, ambaye jina lake linajieleza. Asubuhi moja diski ya grenda, ile mashine ya kukatia vyuma, ilimpasukia mkononi, na kipande kikamchana paja. Shangazi alivua mkanda wa aproni, akamfunga mguu kwa nguvu zake zote, akapanda naye nyuma ya gari la kubebea vyuma na kumkandamiza jeraha njia nzima huku akimfokea ili asizimie.

"Ukifa leo, mageti ya shule atayamaliza nani? Eti? Nijibu!"

Ndevu anasema hadi leo kwamba hakuzimia kwa sababu alikuwa bado anatafuta jibu.

Hospitali wakatuambia amepoteza damu nyingi, na kwamba jamaa zake wakiweza wachangie benki ya damu. Karakana nzima tukapanga foleni, shangazi akiwa wa kwanza. Alikunja mkono wa shati kwa madaha, akamwambia muuguzi, "Chukua, mwanangu. Ipo ya kutosha."

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Walimtaka yeye peke yake. Alisema hahitaji kusindikizwa, akafika getini, akageuka. "Haya twende. Wewe ndiye mwenye kumbukumbu."

Muuguzi wa benki ya damu alimweleza taratibu. Damu yake haikutumika. Kipimo kilionyesha kwamba alishakutana na virusi vya homa ya ini aina C, na sasa kinahitajika kipimo cha pili ili kujua kama bado vimo mwilini, maana kuna watu ambao mwili wenyewe huvifukuza. Yote hayo shangazi hakuyasikia. Alisikia neno moja.

"Haikutumika?"

"Hapana, mama."

"Damu yangu mmeimwaga?"

Nimeshamwona shangazi ameungua, nimeshamwona ameangukiwa na bomba la chuma mguuni. Sikuwahi kumwona amefedheheka. Tulirudi karakana, na siku hiyo alichomelea madirisha manne mfululizo, hakuinua ngao ya uso hata kunywa maji.

Kipimo cha pili kikatoka: virusi vipo, na pengine vimekuwepo kwa miaka arobaini na ushee.

Hapa ni lazima nimtaje baba, kwa sababu baba alikuwa na ugonjwa huohuo. Walipokuwa watoto palikuwa na bwana mmoja aliyepita nyumba hadi nyumba na bomba lake la sindano la kioo. Homa ikizuka anadunga watoto wa mtaa mzima, na sindano ni ileile moja. Baba na shangazi walidungwa siku moja, mmoja baada ya mwingine. Madaktari hawakuweza kusema kwa hakika kwamba ndicho chanzo, ila walisema inawezekana sana.

Baba aligundulika nikiwa kidato cha kwanza. Tiba ya wakati ule ilikuwa sindano kila wiki, pamoja na vidonge, kwa karibu mwaka mzima. Zilimtesa. Alitetemeka kwa homa, nywele zikapukutika, akawa na hasira ambazo hazikuwa zake. Siku nyingine alikaa ameuelekea ukuta tangu asubuhi hadi jioni. Mama alipochoka, shangazi ndiye aliyemwogesha. Mwezi wa tano baba akasema basi, inatosha. Mama akamlilia, akamsihi, mwisho wakagombana, akamwambia anawaacha watoto wake kwa uvivu wa kuvumilia. Miaka sita baadaye ini likashindwa kabisa, tukamzika.

Kwa hiyo nyumbani kwetu, mtu akisema "tiba ya ini", kila mmoja anaona sura ya baba.

Shangazi alikuja kumwambia mama Jumapili moja mchana, sebuleni kwetu. Mama ni mstaafu wa posta, mtu wa kauli fupi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe mezani.

"Wifi, usithubutu."

Shangazi akakoroga chai yake.

"Wewe ni mzima. Unanyanyua vyuma ambavyo wanaume wanaviburuta. Ugonjwa uko wapi? Unataka kwenda kujitafutia maumivu kwa miguu yako mwenyewe? Uliona! Wewe mwenyewe ulimwogesha."

"Niliona."

"Basi."

"Basi," akasema shangazi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sabuni.

Nilidhani yameisha hapo. Wiki tatu alifanya kazi kama kawaida, hakuligusa tena neno hilo. Jirani yetu mmoja alimletea mizizi ya kuchemsha, akawa anainywa asubuhi huku amekunja uso. Lakini mimi nakaa naye siku nzima, na niliona jinsi alivyokuwa akisimama na chaki mkononi mbele ya bati lililo wazi, hachori kitu. Siku moja akaniita mezani kwangu.

"Hivi mimi nimewahi kukataa kazi ya mtu bila kwenda kuiona?"

"Hapana, shangazi."

"Nimewahi kuikubali bila kwenda kupima?"

"Hapana."

"Sasa hili la ini nimelikataa, na hata kulipima sijalipima. Huo ni ufundi gani?" Akavuta karatasi yenye mchoro wangu wa ngazi, akaigeuza nyuma. "Andika. Swali la kwanza..."

Tuliandika maswali kumi na tisa. La ishirini aliongeza mwenyewe kwa mwandiko wake mkubwa: *Nitaweza kufanya kazi?* Kisha akampigia mama simu.

"Wifi, Alhamisi unakwenda na mimi kliniki. Wewe ndiye unayepinga, basi njoo upinge mbele ya daktari."

Mama alifika amevaa kama anayekwenda mahakamani, mkoba kifuani. Daktari wa ini alikuwa binti mdogo mwenye miwani, ambaye angeweza kuzaliwa na yeyote kati yao. Kwanza alimlaza shangazi akampima kwa mashine inayogusishwa ubavuni, inayogonga kidogokidogo kama mtu anayebisha mlango kwa kidole. Inapima ugumu wa ini. Tulipokaa wote watatu mbele ya meza yake, alisema makovu ya ini la shangazi yamefika daraja la tatu, na daraja la mwisho ni la nne.

Shangazi akalaza mkono wake mezani, madoa juu. "Kovu kama haya?"

"Kama hayo, mama, ila yako ndani. Yakizidi, ini linakakamaa, linashindwa kazi."

"Mbona sisikii kitu?"

"Wengi hawasikii. Ini linaweza kuumia miaka mingi, mwenyewe hana habari."

Nikampa karatasi yake. Akavaa miwani ya kusomea na kuanza kuuliza, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile anayotumia kuwauliza watu wa duka la vyuma kama bomba lao ni nene kweli.

"Nisipotibiwa?"

"Kuna wanaokaa miaka bila shida kubwa. Lakini wewe tayari uko daraja la tatu. Hatari ya ini kushindwa, au ya saratani, inapanda. Siwezi kukupa tarehe."

"Nikitibiwa, ni zile sindano?"

"Sindano hakuna tena. Ni kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili, na dawa hizo hospitali inazo kwenye mpango wake."

"Zinaumiza?"

"Wengine wanaumwa kichwa, wanachoka, tumbo linachafuka kidogo. Wengi wanaendelea na kazi zao."

"Na zinaponya?"

"Kati ya watu mia, wanapona zaidi ya tisini na tano. Mia siwezi kukuahidi."

Shangazi alimtazama juu ya miwani, kisha akaweka alama kwenye karatasi. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kumwamini. Angesema mia, angejua anauziwa.

Daktari naye akauliza lake. "Kuna dawa nyingine unatumia, mama?"

"Mimi? Hata moja."

Mama akakohoa. "Na zile za kiungulia?"

Shangazi akampiga jicho.

"Na mizizi ya jirani," mama akaongeza, akitazama dari.

Ikabidi shangazi aseme ukweli wote. Daktari akaeleza kwamba baadhi ya dawa za kiungulia hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, kwa hiyo watapanga upya. Mizizi aiache, kwa sababu hakuna ajuaye inafanya nini ndani ya ini lililochoka. Na kabla ya kidonge cha kwanza wampime pia homa ya ini aina B, maana kama imejificha inaweza kuamka wakati wa tiba. Shangazi alisikiliza kama mwanafunzi aliyekamatwa na daftari la mwenzake.

Nilidhani maswali yameisha. Ndipo mama, ambaye alikuja kupinga na hadi hapo hakuwa amepinga chochote, akasogeza kiti.

"Daktari, mume wangu alikuwa na ugonjwa huu. Kwa nini yeye hakupewa hivi vidonge?"

"Alitibiwa lini, mama?"

Mama akataja mwaka.

Daktari alivua miwani. "Havikuwepo, mama. Havikuwepo popote. Alipewa kilichokuwepo."

"Aliacha katikati. Mwezi wa tano."

"Waliacha wengi. Dawa ile ilikuwa nzito mno, na hata waliomaliza, wengi hawakupona."

"Kwa hiyo..." Mama alishika mkoba kwa mikono miwili. "Kwa hiyo si kwamba alikuwa mvivu wa kuvumilia."

"Hapana, mama. Kufika mwezi wa tano tu kulikuwa kuvumilia."

Mama hakulia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu ambaye sisi hatukumwona. Shangazi alinyoosha mkono wake wenye madoa, akaushika wa mama, wakabaki hivyo. Daktari hakumharakisha mtu. Mwisho akasema hawalazimiki kujibu leo. Si dharura ya leo, ila si jambo la kulisukuma mwaka hadi mwaka.

Shangazi akakunja karatasi. "Nipe mpaka Jumatatu. Kuna watu lazima niwaambie kwanza."

Mtu wa kwanza alikuwa binti yake, anayeishi mji mwingine, ambaye alikwenda kupima siku iliyofuata akakutwa salama. Wengine walikuwa mafundi. Jumatatu asubuhi alizima mashine zote, karakana ikawa kimya hadi tukasikia kuku wa jirani. Alipanda juu ya kreti ili aonekane.

"Sikilizeni. Nina virusi vya ini. Vinaitwa homa ya ini C. Nawaambia mimi ili msije mkasikia vichochoroni habari zikiwa zimeongezwa chumvi. Nitatibiwa wiki kumi na mbili, na kazi inaendelea."

Fundi mmoja akanyoosha mkono. "Mama, samahani. Sahani je? Vikombe?"

"Sahani haiambukizi, kikombe hakiambukizi, kusalimiana hakuambukizi. Ni damu kwa damu. Kwa hiyo kuanzia leo kila mtu glovu zake, kila mtu wembe wake, na mtu akijikata anafungwa na aliyevaa glovu. Anayetaka kupima, kliniki wanampima. Hakuna aibu."

Macho yote yakamgeukia Ndevu, aliyekuwa ameegemea fimbo yake karibu na mlango. Siku ya ajali shangazi alimfunga jeraha kwa mikono mitupu, mikono ambayo haikosi michubuko. Nadhani hilo ndilo lililokuwa likimnyima shangazi usingizi kuliko ini lenyewe, kwa sababu sauti yake ilishuka.

"Ndevu, wewe upime leo. Nitakwenda na wewe."

Ndevu akakuna kidevu. "Bosi, ungengoja glovu siku ile, saa hizi mngekuwa mnanisifia ini safi makaburini."

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Shangazi naye akacheka, akapangusa macho kwa kiganja cha glovu yake ya ngozi, akajipaka masizi usoni. Ndevu alikwenda kupima siku hiyohiyo, akarudia baada ya miezi kadhaa kama alivyoelekezwa, na mara zote mbili alikuwa salama. Wengine nao walikwenda, wawili wawili, mpaka karakana nzima ikaisha.

Maneno ya mtaani hayakukosekana. Mama mmoja mwenye nyumba ya ghorofa alipeleka oda yake kwingine, akisema ini ni ugonjwa wa walevi. Shangazi aliliangalia geti lililokuwa nusu, lenye michoro yangu ya majani. "Litapata mwenyewe," akasema, na kweli halikukaa mwezi kabla ya kununuliwa.

Kipimo cha aina B kilipotoka safi, kidonge cha kwanza alikimeza Jumatano, saa moja asubuhi. Kuanzia hapo mama akawa jeshi zima. Kila siku saa moja na dakika mbili simu inaita.

"Wifi, umemeza?"

"Nimemeza, afande."

"Fungua mdomo nione."

"Wewe uko kwenye simu!"

"Fungua hivyohivyo."

Wiki ya pili kichwa kilimuuma, na ikifika mchana miguu ilimwishia nguvu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekaa kitini saa za kazi. Alikaa nusu saa, akainuka, akashika ngao ya uso. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani, nikaona jinsi alivyokuwa akiangalia ule mwali, makini, na ule mstari wa chuma kilichoyeyuka ukitoka sawa nyuma yake kama mshono wa cherehani, nikarudi kwenye mchoro wangu.

Siku moja tu mambo yalitaka kuharibika. Tulikuwa shuleni tangu alfajiri kufunga yale mageti aliyomfokea nayo Ndevu njiani kwenda hospitali, na shangazi akasahau chupa ya dawa nyumbani. Simu ya saa moja ikaita. Alijaribu kuzungusha maneno, lakini kwa mama huzungushi. Baada ya dakika arobaini tuliona pikipiki inaingia uwanjani, mama nyuma, kofia ngumu kichwani, mkoba kifuani. Akashuka mbele ya mwalimu mkuu na foleni ya wanafunzi, mkononi chupa aliyoipitia nyumbani kwa shangazi.

"Wifi! Meza hiki hapa sasa hivi!"

Shangazi, mbele ya shule nzima, akameza. Wanafunzi wakampigia makofi bila kujua wanashangilia nini. Mimi nilijua, nikapiga makofi zaidi yao.

Vidonge themanini na vinne, na hakuna hata kimoja alichoruka. Baada ya cha mwisho ilibidi tungoje wiki nyingine kumi na mbili kabla ya kipimo cha kuamua. Siku ya majibu tulikwenda wote watatu. Daktari alisoma karatasi: virusi havikuonekana. Shangazi akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena.

"Nimepona?"

"Virusi umepona, mama. Makovu bado yapo, kwa hiyo kila miezi sita unakuja tulipige ini picha. Na ujilinde, maana ukikutana navyo tena vinaweza kuingia upya."

"Na damu? Sasa naweza kuchangia?"

Daktari alisikitika kweli. "Hapana, mama. Alama yake inabaki kwenye damu. Hawataichukua."

Shangazi akafikiri kidogo. "Sawa. Wao wakose," akasema, na mama akacheka hadi akashika mbavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipokuwa hai.

Tulipokuwa tunatoka, daktari alimwomba jambo. Nje kwenye kibaraza alikuwa amekaa mwanamume wa makamo, dereva wa lori, ambaye mara tatu alipewa miadi ya kuanza dawa na mara tatu hakurudi. Je, angezungumza naye? Shangazi alisema yeye si mtu wa kuhubiri. Lakini alikwenda akakaa, na buti zake za kazi, akatoa ile karatasi ya mchoro wa ngazi iliyokwisha kuchanika kwenye mikunjo.

"Sikuambii umeze," nilimsikia akisema. "Hiyo kazi si yangu. Haya ndiyo niliyouliza mimi. Yasome, ufute yasiyokuhusu, uongeze yako, halafu uingie humo ndani ukamuulize yule binti mpaka umchoshe. Hachoki, nimejaribu."

Dereva akaipokea, akaanza kusoma huku midomo yake ikicheza. Alipofika katikati akaazima kalamu ya mama.

Shangazi alitaka kuinuka, benchi likayumba. Akainama, akapitisha kidole chini ya kiti palipoungwa na mguu, akaguna.

"Nani kachomelea hiki?" akaniuliza, kana kwamba ni mimi. "Andika. Kesho asubuhi tunakuja na mashine."